Mlima wa Saba

Barua ilikuja Jumatatu, na Mjomba alinipa niisome kwa sauti kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa gundi. Idara ya Milima ilimwarifu kwamba karakana yake ya useremala imo ndani ya mita sitini kutoka kitako cha Mlima Bibi, mlima wa saba wa nchi, na kwamba sheria inakataza shughuli yoyote mahali hapo. Alipewa hadi mwisho wa mwezi awe amehama.

Mjomba aligeuka akatazama nyuma ya karakana. Kulikuwa na ukuta wa jirani, mapipa mawili, na lundo la maranda ya mbao ambayo amekuwa akiyamwaga pale tangu kabla sijazaliwa.

"Mlima wenyewe uko wapi?" aliuliza.

Nilijua ulipo. Mimi ndiye niliyeuweka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wa kompyuta alitufungulia ensaiklopidia huria, ile ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri, kwenye makala ya jiografia ya nchi yetu, akasema kila mmoja aongeze sentensi moja ya jambo analolijua. Wenzangu waliandika juu ya mito na mvua. Mimi sikuwa nimewahi kwenda popote ila karakanani kwa Mjomba, basi nikaandika kwamba kuna mlima wa mita arobaini, nikauita Mlima Bibi kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa akitukataza kuupanda. Kusema kweli lundo lilizidi mlango kidogo tu, lakini na mimi nilikuwa mfupi.

Nikasahau. Nikaenda chuo kikuu, nikasoma jiografia, nikarudi nyumbani na shahada bila kazi. Ili nisikae bure niliamua kuiboresha makala ile, maana niliamini, na bado naamini, kwamba watu wakielezwa vizuri nchi yao wataitunza vizuri. Nilisahihisha urefu wa mito, nikatenganisha misimu ya mvua iliyokuwa imechanganywa, nikachora upya ramani ya udongo. Nilipofika sehemu ya milima nikakutana na sentensi yangu. Ilikuwa imenenepa. Ilikuwa na aya tatu, picha ya mlima wa nchi nyingine, na vyanzo vinne: kitabu cha darasa la sita, kijitabu cha watalii, ramani ya Idara ya Milima na hotuba ya waziri. Vyote vilikuwa vimenakili kutoka kwangu.

Nikaifuta. Baada ya dakika tano ikarudi. Mhariri mmoja anayejiita Kilele aliirudisha mara kumi na moja. Kwenye ukurasa wa majadiliano nilimweleza kwamba mlima ule ni maranda, na kwamba mimi ndiye niliyeubuni. Alinijibu kwa adabu kabisa kwamba hayo ni madai binafsi, na kwamba kuona si chanzo. Nikamwuliza chanzo ni nini basi. Akanitajia kitabu cha darasa la sita.

Tulikuwa bado tunabishana barua ilipofika. Nilimsimulia Mjomba yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza huku akijibandua gundi, kidole kimoja baada ya kingine.

"Yaani msomi wetu," alisema, "unanihamisha kwa kazi ya darasani?"

"Nisamehe, Mjomba."

"Ulipata ngapi?"

"Sita kwa kumi."

"Mlima mzima, sita?"

Alisema basi atawaita wafuga kuku waje walizoe lundo lote siku hiyo hiyo, watandaze mabandani, kesi iishe. Ikabidi nimsomee ukurasa wa pili: atakayepunguza sehemu yoyote ya mlima atafungwa. Kuongeza hakukutajwa. Kwa hiyo Mjomba aliendelea kuranda mbao na kumwaga maranda pale pale, kwa hasira, na wiki ile mlima ulikua.

Alhamisi akaja Afisa wa Milima, kijana mwembamba mwenye kofia ya Idara, nguzo ya chuma na futi ya utepe. Alimwamkia Mjomba shikamoo, akaomba aonyeshwe mlima. Mjomba akachomoa penseli sikioni akauelekeza. Afisa alitazama lundo, akatazama ramani, akatazama lundo tena. Kisha, kwa kuwa nguzo lazima isimikwe kileleni, akapanda. Hatua ya tatu alizama hadi kiunoni. Tulimvuta kwa ubao.

"Udongo ni laini," alisema, akipenga maranda puani.

Nilimwambia ni maranda, na kwamba anayaona mwenyewe, hata masikioni anayo.

"Kuona si chanzo, dada yangu."

Nilibaki nimeushika ubao. "Wewe ndiye Kilele?"

Akavua kofia. "Na wewe ndiye yule mfuta milima."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa mtu wa kusikitisha. Alikaa juu ya stuli ambayo haijapigwa vanishi, akatueleza kwamba Idara ilikuwa na milima sita na maafisa sita, na yeye aliajiriwa pale ulipogunduliwa wa saba. Tangu utotoni alitamani kutunza mlima. Huu alikuwa hajawahi kuuona kwa sababu hakupewa usafiri, lakini kila jioni aliusoma. Mjomba aliacha kuranda. Hata yeye alianza kumwonea huruma mtu aliyekuja kumfukuza.

Nilimwuliza kama Idara haina utaratibu wowote wa kujua mlima umetengenezwa na nini. Akasema upo: kila mlima huchukuliwa sampuli ya mwamba, ikapimwa maabara. Huu ulirukwa. Akatoa mfuko wa plastiki, akaujaza kwa mikono miwili, akauziba.

"Majibu ya maabara ni chanzo," alisema.

"Hata yakikutoa kazini?"

"Chanzo ni chanzo."

Majibu yalitoka siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, muda ambao Mjomba alikuwa ameshaanza kufunga misumeno kwenye magunia. Mwamba haukupatikana. Kulikuwa na mbao laini, mbao ngumu, gundi, na kandambili moja ya mtoto, mguu wa kushoto. Ilikuwa yangu, bibi alinichapa kwa kuipoteza. Niliifuta sehemu ya Mlima Bibi, nikaweka ripoti kuwa chanzo, nikasubiri dakika tano. Haikurudi. Kesho yake Idara iliandika kwamba amri imefutwa, kwa kuwa, kwa mujibu wa ensaiklopidia huria, mlima husika haupo.

Kilele hakufukuzwa. Idara ilishikwa na hofu ikampa kazi ya kuikagua ile sita iliyobaki. Ameniandikia kwamba mlima wa pili unamtia wasiwasi.

Kuna sentensi moja niliiacha, chini kabisa ya makala. Nilikuwa nimeandika kwamba lundo lililodhaniwa kuwa mlima ni kazi ya miaka thelathini ya mjomba wangu. Kilele aliirekebisha usiku huo huo, akaeleza kwamba lugha ya ensaiklopidia haitakiwi kuegemea upande. Asubuhi nilimsomea Mjomba kutoka kwenye simu: lundo hilo lilitokana na shughuli za binadamu.

Mjomba aliisogelea simu.

"Huyo binadamu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, Mjomba."

Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Kisha akaifungua misumeno kutoka kwenye magunia, akajaza karai kwa maranda ya wiki nzima, akatoka nayo nyuma ya karakana, na safari hii akayamwaga taratibu, akiyasawazisha kwa mguu.