Watoto Watatu wa Zagabe

Clémence alikuwa ameinama akipalilia maharagwe alipoona wanaume wawili wakivuta kamba ya kupimia katikati ya shamba la baba yake, huko Kasha, kilimani nje ya mji. Mmoja alishika daftari. Mwingine alikuwa akikanyaga viazi bila hata kutazama chini.

"Munapima nini?"

"Shamba, maman. Papa Léopold ndiye alitutuma."

"Ju ya nini?"

"Ile umuulize yeye." Wakaendelea kuvuta kamba yao.

Baba yake, Mzee Zagabe, alikuwa hajatimiza miezi mitatu kaburini. Baraza la familia la kugawa mali lilipangwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Léopold, kifungua mimba, alikuwa na kazi ofisini na nyumba nzuri Ibanda, mjini. Tangu amalize shule hakushika jembe. Clémence ndiye aliyerudi nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, ndoa yake ilipovunjika. Ndiye aliyelima, ndiye aliyemwogesha baba alipopooza, na sasa alibaki pale na mama yake, Madeleine. Nyumba za matofali zilikuwa zikipanda kilima mwaka baada ya mwaka, zikimeza mashamba ya majirani.

Alhamisi alishuka mpaka Ibanda kumtafuta kaka yake. Laurette, mke wa Léopold, alimsimamisha mlangoni, akamwambia mume wake yuko safarini. Lakini viatu vya Léopold vilikuwa pale pale barazani, vimepakwa rangi upya. Clémence akarudi Kasha. Hakuthubutu kumweleza mama yake, maana Madeleine hakuwahi kumkatalia Léopold jambo lolote.

Jumamosi asubuhi wakaketi sebuleni. Tonton Cyprien, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Aganze, kitinda mimba, alikuwa amefika kutoka Minova, alikofanya biashara ya vitunguu. Cyprien akakohoa, akasoma karatasi. Shamba la juu na nyumba ni vya Léopold. Shamba la bondeni ni la Aganze. Ng'ombe wawili, kila mwanaume na wake. Clémence atapata mbuzi na vyombo vya jikoni.

"Na mama atalala wapi?" Clémence aliuliza.

"Kwangu, Ibanda," Léopold akajibu. "Chumba iko tayari."

Clémence akamgeukia kaka yake mkubwa. "Yaya, mbele ya kuongea chumba, ambia watu: wale walipima shamba Jumatano, ni wewe uliwatuma?"

Aganze akageuka. "Walipima shamba gani?"

Léopold alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kuko mutu anataka kununua. Nilishamupa neno langu. Leo udongo wa Kasha haiko tena wa kupanda maharagwe."

"Na mimi niende wapi?"

"Mwanamuke ni wa kuolewa," Cyprien akaingilia. "Desturi haikuanza leo."

"Sheria inasema mutoto ni mutoto, tonton."

"Sheria ya Kinshasa haijalima hapa hata siku moja."

"Mimi nimelima."

Cyprien alisukuma karatasi mbele ya Madeleine ili yeye atie sahihi kwanza. Clémence akautazama mkono wa mama yake ukichukua kalamu. Kisha Madeleine akailaza kalamu mezani.

"Cyprien, mimi nilizala batoto batatu. Sikuzala babili na boyi wa kazi. Na Ibanda siendi. Hakuna mutu aliniuliza."

"Mama, unanipatisha haya," Léopold akasema.

"Haya ulijipatisha mwenyewe, mutoto wangu."

Walibishana mpaka saa tisa. Aganze aliapa kwamba hatatia sahihi kwa shamba linalouzwa kwa siri, na bila sahihi za wote karatasi isingegongwa muhuri. Mwishowe Cyprien akaandika upya: mafungu matatu, na nyumba ni ya Madeleine mpaka kufa kwake. Clémence alipewa kipande cha kando ya korongo, kile kinacholiwa na mvua kila mwaka. Akakikubali. Léopold alitia sahihi amesimama, akatoka bila kugusa chakula wala kumuaga mama yake.

Jumatatu Clémence na Aganze walipeleka karatasi kwa mkubwa wa mtaa. Karani akawaambia waiache, warudi Alhamisi.

"Nitangoja," Clémence akasema, akaikumbatia kifuani.

Akangoja mpaka muhuri ukagongwa, jua likielekea kuzama. Njiani alikuwa akiigusa kila mara ndani ya blauzi. Furaha haikuja. Aliwaza juu ya yule mnunuzi asiyemjua hata sura, na neno alilopewa na Léopold.

Nyumbani alimkuta Madeleine ameketi mlangoni, simu mapajani.

"Nimepigia Léopold, inaita tu. Hashiki."

"Réseau ya simu iko mubaya leo, mama," Clémence akasema, akaingia haraka kuwasha moto ili mama yake asimwone uso.