Panzi Walioshindishwa Njaa

Mume wangu Kosgei aliitwa Profesa na wanafunzi wake miaka mingi kabla chuo hakijampa cheo hicho. Alifundisha habari za udongo, maji na mimea, na kila alichofundisha alikileta nyumbani: mbegu za miti ya msitu wa Mau kwenye sufuria zangu, matope ya ziwa kwenye beseni la kufulia. Nilizoea. Lakini mwaka wa 1971, alipoleta panzi nyumbani kwetu Nakuru, mimi Truphosa niliona maji yamezidi unga.

Panzi hao walitoka ng'ambo kwa ndege. Kazi yao ilikuwa kula gugu linaloelea, lile lililofunika Ziwa Naivasha. Wavuvi wa Kamere walilikata kwa panga asubuhi, na jioni likawa limeziba tena njia ya mashua zao. Kosgei alikuwa amepambana nalo karibu miaka kumi. Aliwapeleka wanafunzi wakalizoa kwa mikono na kwa nyavu, na yote yakawa kutwanga maji kwenye kinu. Sasa alikuwa amebakiwa na panzi tu. Lakini bonde letu lote linakula mahindi, na ukishamwachilia panzi, nani atamwita arudi? Chuo kilikataza wasikaribie shamba lake hata siku moja, ndiyo maana wakaja kulala kwenye stoo yangu.

Aliwagawa kwenye vizimba viwili vya waya. Cha kwanza alikijaza gugu. Cha pili hakutia kitu ila miche mibichi ya mahindi. Wakifa njaa bila kuigusa, wenzao wataenda ziwani. Wakila hata jani moja, vizimba vyote viwili vitachomwa moto, na ziwa liachiwe gugu lake. Mume wangu alikonda. Alikuwa anaacha chai ikipoa mezani anakwenda stoo kuchungulia, anarudi, anasahau kwamba ametoka huko sasa hivi. Mimi nami niliogopa pande zote mbili. Wakila, kazi yake yote imekwenda na maji. Wasipokula, atawaachilia, na je, kama amekosea?

Katikati ya wasiwasi huo akaingia mama mkwe wangu, Chepkemboi, kutoka Olenguruone, na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando. Hatukuwa tumemwambia. Mama huyu aliiona kwa macho yake njaa ya nzige, mwaka waliofunika vilima vya Mau hata jua lisionekane. Alisikia mchakacho stoo, akafungua mlango kabla sijamzuia. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya gunia la makaa, akamwita mwanawe kwa Kiswahili, maana mimi Kikipsigis chao sikijui, na alitaka na mimi nisikie.

"Kosgei, wewe unafuga nzige kwa nyumba?"

Kosgei alimweleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jani moja likiliwa, mafuta ya taa atayamwaga yeye mwenyewe. Kosgei alikubali. Toka hapo mama akavuta kigoda, akawa anashinda mbele ya kile kizimba cha mahindi.

Panzi wakaanza kufa, mmoja mmoja. Walipanda kwenye majani ya mahindi, wakayapapasa, wakashuka. Hatimaye akabaki mmoja. Asubuhi hiyo nilipoingia kufagia, mama akiwa amesinzia kwenye kigoda chake, niliona jani limepunguka kipande. Nilifungua mlango wa kizimba ili niling'oe jani lile kabla Kosgei hajaliona, na mkono wangu ulikuwa ndani bado niliposikia mume wangu akikohoa nyuma yangu.

"Mama Zeddy, acha," aliniambia. "Kama ni kweli wanakula, afadhali tujue hapa stoo."

Aliinama na kioo chake cha kukuzia. Alitazama sana. Ukingo wa lile jani haukuwa umetafunwa, ulikuwa umekatwa kwa kucha.

"Nimekata mimi," mama alisema kutoka kwenye kigoda. "Nimeweka kwa mdomo yake. Labda ilikuwa inangoja ikaribishwe."

Kile kipande kilikuwa pale miguuni mwa panzi, kizima. Kosgei alifunga kizimba, akasema tungoje.

Mchana yule wa mwisho alianguka. Kosgei alikagua majani yote, juu na chini, akayarudia. Hapakuwa na alama ya jino. Nilidhani atarukaruka kwa furaha, kumbe alimgeukia mama yake. Mama alikuwa amemtoa panzi, amemlaza kwenye kiganja.

"Imekufa na njaa," alisema, "na mahindi iko hapa mbele yake."

Kisha akataja jina, Chelangat. Kosgei aliuliza huyo ni nani. Alikuwa amekua akijua yeye ndiye kifungua mimba.

"Dada yako. Mwaka ya nzige wewe ulikuwa kwa tumbo. Unga ya wimbi ilibaki kidogo, haiwezi tosha watu wawili. Nilikula mimi. Yeye akakufa na njaa."

Mama alijifuta mkono kwenye shuka yake, akamwambia mwanawe awapeleke wale wengine ziwani, watu wa Kamere wanangoja. Kosgei alisema kesho. Aliniomba nimpakulie mama kwanza.

Nilileta ugali na mboga. Mama aliitazama sahani bila kuigusa, na hofu ikanirudia kwamba hatakula. Kosgei alimega tonge, akalitia mkononi mwa mama yake, akangoja.