Chanjo ya Sajini Bunloet

Kwa miaka thelathini Sajini Bunloet wa polisi wa trafiki aliwaamrisha madereva wa mji wa Khon Kaen, Thailand. Alipostaafu akabaki na mtu mmoja tu wa kumwamrisha, dada yake mdogo Lamyai, muuza soseji sokoni. Kwa hiyo saratani ya damu ilipomkamata Sajini, na vipimo vikaonyesha kwamba Lamyai peke yake ndiye mwenye seli za damu zinazolingana na zake, alinuna siku nzima.

Lamyai alichomwa sindano siku tano, kisha mashine ikachuja kwenye damu yake zile seli shina zinazozaa damu. Uboho wa Sajini ulikuwa umeshateketezwa kwa dawa. Akatundikiwa kimfuko kimoja tu cha seli hizo, chekundu. Wiki ya tatu damu mpya ikaanza kuonekana, na baada ya miezi ikawa yote ni ya dada.

"Daktari anasema damu yako ikipimwa, inaonyesha ni ya mwanamke," Lamyai alimwambia.

"Usiwaambie wale wa kituoni."

"Nimeshawaambia."

Tatizo ni kwamba damu hiyo changa haikukumbuka chanjo hata moja. Ilibidi aanze upya, pepopunda, dondakoo, polio. Zahanati ya mtaani ilichanja Jumatano tu, siku ya watoto. Sajini akakaa kwenye kistuli cha plastiki, magoti yamefika kidevuni, katikati ya akina mama.

Muuguzi akasoma kadi bila kuinua macho. "Bunloet, dozi ya kwanza. Mama yake yuko wapi?"

"Nipo," Lamyai akasimama.

Zahanati nzima ikaangua kicheko. Sajini alitaka kufoka, lakini mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe anayelia. "Hebu mtazame mwenzako yule. Unaona? Halii."

Ikabidi asilie. Alikaza taya, sindano ikaingia, chozi moja likamponyoka, akalifuta akijidai anakuna pua.

Nje, Lamyai aliwasha pikipiki. Kaka yake alisimama pembeni, ameshika bega.

"Nimekusumbua sana maisha yako yote," alisema.

"Sana."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ungekufa, ningegombana na nani?"

Sajini akapanda nyuma, mahali ambapo hajawahi kukaa.

"Nishike vizuri," Lamyai akaamuru.

Akamshika.