Plagi ya Tatu

Jumamosi alasiri daktari wa meno alikuwa mezani sebuleni, miwani imemshuka puani, akisugua plagi kuukuu ya gari kwa mswaki na sabuni ya unga. Mkewe alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Mpwa wa daktari, binti wa marehemu dada yake, alikuwa kochini akichagua kitambaa cha gauni la harusi. Ndipo plagi moja iliyokuwa ndani ya kabati la vioo, rafu ya katikati, ikatoa cheche. Ta. Ikatulia kidogo, ikatoa nyingine.

Cheche yenyewe ilikuwa ya buluu, safi, ya plagi yenye afya. Hapakuwa na waya, wala betri, wala gari.

"Kama imeanza kuwaka, si uilete huku iniwashie jiko," mkewe alisema. "Kiberiti kimeisha."

Daktari akaipeleka, ameishika kwa koleo la kung'olea magego. Jiko likawaka. Wakala kwa wakati, na hakuna aliyeliongelea tena.

Kila mtu ana kichaa chake, na cha daktari kilikuwa plagi za magari ya zamani. Wenzake wakienda mpirani, yeye yuko kwenye mabaki ya magari, mgongo umepinda, ananusa injini za watu waliokwisha kufa. Alizipenda zile zenye kaure nyeupe na nati za shaba, za viwanda ambavyo hata milango yake haipo tena. Na alikuwa na mwiko mmoja alioutoa kazini: hakuacha pengo. Akiing'oa plagi kwenye gari la mtu, lazima afunge nyingine mahali pake. "Mgonjwa atoke mdomo umejaa," alizoea kusema, na kila akisema alicheka peke yake.

Ile ya rafu ya katikati ilikuwa na mstari wa kijani uliozunguka kaure, na aliing'oa kwenye gari la shemeji yake, mume wa yule dada.

Shemeji alikuwa mpaka rangi wa mabango, mtu mpole asiye na makuu, na gari lile alilirithi kwa baba yake: refu, la rangi ya maziwa, boneti kubwa kuliko kitanda cha mtoto. Plagi tatu zilikuwa za juzijuzi. Moja, ya tatu kutoka mbele, ndiyo hiyo. Daktari aliwahi kuiomba, akaambiwa, "Hiyo aliifunga mzee mwenyewe, shemeji. Iache ife na gari." Basi siku moja alikwenda kusalimia, akakuta boneti iko wazi. Shemeji akaingia ndani kutazama chai. Daktari akabaki yeye na plagi, mate yamemjaa.

Akaing'oa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha pengo, akachukua nyingine kwenye mfuko wa koti, akaifunga. Alitazama kichwa, vichwa vilifanana. Mzizi, ule upande unaozama ndani ya injini, hakuutazama. Yeye ambaye alikuwa akiwafokea vijana wa kliniki, "Jino ni mzizi, kichwa ni urembo tu," yeye huyohuyo hakuutazama mzizi. Nao ulizidi urefu, kwa kiasi cha ukucha hivi. Gari likizunguka mjini, usingesikia kitu. Likibebeshwa kilima, pistoni inapanda, inagonga. Chai ikaja, akanywa, akaisifu.

Wiki ileile pumu ilimbana dada. Mumewe akampakia garini, binti akakaa nyuma amempakata mama yake kichwa. Walipofika kwenye kilima kinachotangulia hospitali, shemeji akakanyaga mafuta, injini ikasema ka-ka-ka, ikafa. Lilipopatikana gari jingine, dada hakuwa na haja nalo tena.

Fundi alifungua injini, akasema pistoni imevunjika. Hakusema zaidi na hakuulizwa zaidi. Shemeji alijijibu mwenyewe: alichelewa kubadilisha oili. Alilisema hilo msibani, mbele ya watu, machozi yanatiririka na hayafuti. Binti akamwambia, "Nilikuambia uliuze hilo kopo. Umemuua mama kwa mapenzi ya kopo." Toka siku hiyo hakumwita baba. Alihamia kwa mjomba wake, na mjomba akampokea, akamsomesha, akampenda kweli. Hapo hapana unafiki. Ila plagi aliiweka rafu ya katikati na ukweli akaumeza. Usiku roho ilimsuta, asubuhi akaenda kazini kuwaambia watu wafungue midomo.

Sasa binti alikuwa anaolewa. Asubuhi ya Jumamosi ile alikuwa amesema, "Mjomba, wewe ndiye utakayenishika mkono. Yule asivuke hata geti lake." Mjomba akajibu, "Nimesikia, mwanangu." Alasiri plagi ikaanza.

Kesho yake plagi za rafu ya juu zikadakia, kisha za chini. Baada ya siku chache kabati zima lilikuwa likipokezana cheche kwa zamu, na nyumba ikanguruma. Ilinguruma taratibu, kama gari lililosimama likimsubiri mtu. Vikombe vikacheza kwenye visahani, mke wa daktari akavitandikia kitambaa. Halafu nyumba ikaondoka.

Haikuwa na papara. Ilitoka kwenye kiwanja chake, ikashika upande wake wa barabara, na ikawa inasogea alasiri tu, watu wakishatoka kazini, na kulala popote ilipochokea. Majirani walijibana wakaipisha. Mmoja mwenye mdomo alilalamika kwamba imemkalia dirishani na kumzibia jua, akaambiwa avumilie, wao ni wapita njia. Bwana mmoja wa manispaa alikuja na kofia yake, akaizunguka, akasema ni marufuku kujenga barabarani, lakini hii haijajengwa barabarani, inapita. Akaomba tu wafunge taa nyekundu kwa nyuma. Wakafunga.

Fundi bomba alikuwa akiunga mpira wa maji kila asubuhi. Mwuza mikate akauliza kesho watakuwa wapi.

"Muulize mume wangu," mke alisema. "Yeye ndiye mwenye injini."

Mume alijua vizuri sana wanakoelekea. Aliitumbukiza ile plagi ya mstari wa kijani kwenye glasi ya maji. Ikapiga cheche mle mle majini. Akaipeleka kliniki, akaifungia kwenye droo ya sindano za ganzi. Jioni aliporudi, hapakuwa na nyumba. Ikambidi aifuate kwa miguu, mkoba mkononi, akiulizia.

"Samahani jamani, hamjaiona nyumba yangu?"

"Imepita sasa hivi, daktari. Kata kulia, utaikuta."

Akakata kulia, akaikuta. Plagi ilikuwa imerudi rafu ya katikati, inawaka.

"Wewe una nini?" mkewe alimuuliza wakila. "Umekonda."

"Meno tu. Meno ya watu."

Mkewe akamtazama, akamwongezea mchuzi. Alikuwa na yake aliyoyahisi siku nyingi, na siku nyingi alikuwa ameamua kutoyachimba.

Siku moja kabla ya harusi nyumba ilifika kwenye kile kilima. Ilianza kupanda vizuri. Katikati ikaanza kukosa, pigo moja linaruka. Ka. Ka-ka. Picha ya dada ukutani ikainama upande. Binti aliweka chini gauni alilokuwa akilipinda, akaenda dirishani.

"Ni hapa," alisema. "Nilikuwa namwambia vuta pumzi, mama, vuta, tumefika. Mjomba, mtu mwenye akili zake anampandishaje mgonjwa kilima na gari bovu?"

Gari halikuwa bovu. Maneno hayo yalifika hadi kwenye ncha ya ulimi wa daktari, akayahisi kabisa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alimtazama binti yule aliyemlea, akaona jinsi atakavyomgeukia, na jinsi jina la mjomba litakavyokwenda lilikokwenda jina la baba. Akafungua mdomo.

"Shika kabati la vyombo," alisema. "Visije vikaanguka."

Wakashika kabati la vyombo. Nyumba ikakohoa, ikajivuta, ikavuka kilima. Haikuzima. Kuliko yote, hilo ndilo lililomuuma. Ikateremka upande wa pili, ikaingia mtaa wa shemeji, ikajipaki ubavuni mwa nyumba yake, ukuta kwa ukuta.

Asubuhi daktari alivaa suti. Akaichukua ile plagi, akaifunga ndani ya leso, akaitia mfukoni mwa suruali. Alikuwa ameapa: leo namrudishia. Alipotoka alimkuta shemeji uani, kopo la rangi mkononi, nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Karibuni, shemeji. Niliwasikia jana mkiingia, nikasema niwaache mpumzike." Akaupapasa ukuta wa nyumba ya daktari, akaweka sikio. Akasikiliza. "Mashine nzuri. Ila inakosa moja. Ya tatu. Injini haina neno. Ni plagi hiyo."

"Labda," daktari alisema.

"Hebu njoo. Wewe ni mtaalamu, nina swali linaninyima usingizi."

Gari la rangi ya maziwa lilikuwa nyuma, chini ya turubai. Juu ya benchi palikuwa na sahani yenye plagi nne. Shemeji akainua moja, ncha yake imepondeka.

"Hii sikuinunua mimi. Ya mzee ilikuwa na mstari wa kijani, wewe mwenyewe uliipenda. Nimezisafisha juzi tu, ndiyo nikaona. Kumbe haikuwa oili, shemeji. Ni hii iliyogonga pistoni. Nikajiuliza, imetoka wapi? Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma. Gari lile halikuwa likiguswa na mtu ila mimi. Basi ni mimi. Niliifunga mwenyewe nikasahau." Akaigeuza plagi mkononi. "Mtu anaweza kusahau kitu kama hicho?"

Plagi mfukoni ilikuwa inapiga cheche mfululizo, inamuunguza paja. Mkono wa daktari uliingia mfukoni, ukaigusa. Shemeji alikuwa akimngoja, macho yamemtoka, kama wagonjwa wote wanavyomtazama wakitaka waambiwe si kitu.

"Inatokea," daktari alisema.

"Ee?"

"Inatokea, shemeji. Hata sisi kliniki. Mtu anachoka, anasahau."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Akairudisha plagi kwenye sahani kwa uangalifu.

"Ahsante," alisema. "Wengine wangenidanganya."

Mlango wa nyumba ya daktari ukafunguliwa, binti akatoka na gauni lake. Alikuwa amependeza, na shemeji akafuta mikono kwenye suruali haraka haraka, labda angeombwa amshike mkono. Hakuombwa. Binti alimpita, akamshika mjomba wake mkono.

"Mjomba, mbona mfuko wako unatoa moshi?"

"Pasi hiyo," alisema. "Ilikuwa ya moto mno."

Wakaondoka, gauni linaburuza vumbi. Shemeji alikuwa ameshapelekewa habari za geti, kwa hiyo alisimama upande wake wa ndani, akapunga brashi hadi walipopinda kona. Harusi ilifana. Watu walisema hawajaona mjomba aliyelia vile.

Nyumba ya daktari haikuondoka pale tena, na haikuzima. Shemeji aliipaka namba mpya mlangoni, kwa rangi ya maziwa iliyobaki, akakataa kulipwa. Binti akija kutembea na mumewe hupita mlango wa nyuma, asione upande wa pili. Mke wa daktari amezoea mngurumo, husema bila huo angekosa usingizi. Daktari ana kovu pajani, na plagi ameirudisha rafu ya katikati, maana ndipo panapoifaa.

Jumamosi alasiri shemeji huja kunywa chai. Kabla ya kuketi huweka sikio ukutani, akafumba macho.

"Bado inakosa moja, shemeji."

"Nitaiangalia," daktari husema, na kummiminia.