Sura ya Kalinga

Lusia alifunua kitambaa pale karakana ya Bushiri, seremala wa Mafinga. Kichwa cha mti, sanamu ya kaka yake Kalinga, kiling'aa kama meza mpya ya ofisini kwa bwana shauri.

"Kovu liko wapi?"

"Lile shimo juu ya jicho?" Bushiri alitabasamu, masikini, akingoja sifa. "Nimeliziba, dada. Unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Hata ukitafuta kwa taa hulioni."

Laiti angejua! Shimo lile halikuwa ubovu wa mti. Kalinga, kifungua mimba wa chifu mmoja wa upande wa Igowole, aliangukia figa la jikoni akijifunza kutembea, akabaki na kovu. Baadaye, watu wakikimbia vita vya Wajerumani na Waingereza, mto ukamchukua, na mwili haukuonekana. Chifu akaita mchongaji. Mama wa mtoto akamsimamia mchana kutwa: shavu si hivyo, kidevu punguza, na kovu usilisahau.

Lusia alikuwa hajazaliwa. Kaka yake alimjua kwa mti ule tu, wala hakuwahi kumlilia, maana matanga hayakuwekwa. Mama Kalinga alikataa katakata. Mwanangu sijamwosha, alisema, nitamliaje?

Sasa chifu alikuwa kaburini, na mama Kalinga alikuwa kipofu, hoi kitandani. Kila asubuhi aliomba apewe mwanawe, na kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kovu. Mchwa walipokula shingo, Lusia alikileta kichwa Mafinga, akasema neno moja, "Kitengeneze," akaenda zake. Jamani! Seremala gani akiambiwa tengeneza ataacha shimo usoni?

"Mama atakufa akisema nimempa mtoto wa watu," Lusia alisema, machozi yakimlengalenga.

Bushiri alishika patasi, akaitazama, akaiweka chini. "Nikichimba, litakuwa shimo langu, si kovu la mtoto. Twende wote, dada. Mimi ndiye niliyeharibu, nitamwambia mwenyewe."

Walipanda lori la mbao, wakateremka Igowole.

"Shikamoo, mama," Bushiri alisema mlangoni.

"Marahaba. Ingia, baba."

Lusia alimpakatisha mama yake kile kichwa. Njiani alikuwa ameandaa uongo, lakini sasa hakuusema. Vidole vya mama vilipanda shavuni, vikafika juu ya jicho, vikasimama. Vikarudi. Akakiinua kichwa, akakinusa.

"Nani amemwosha?"

"Ni mimi, mama," Bushiri alijibu. "Bushiri, seremala. Nisamehe, sikujua."

Mama Kalinga alipapasa tena paji lile laini.

"Umemwosha vizuri," alisema. "Hata kidonda umekifunga. Mimi sikuweza. Lusia, lete shuka nyeupe."

Lusia alielewa kuwa ni sanda. "Mama, hapana! Sina sura yake nyingine! Ukimzika huyu, nitabaki na nini?"

"Utabaki na kaka aliyezikwa. Mimi nimekaa miaka yote hii na asiyezikwa. Lete shuka, mwanangu."

Akaleta, na mama akakifunga kichwa ndani yake. Bushiri alichimba nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la chifu, akavua kofia yake na kupokea kile kifurushi kwa mikono miwili. Mama Kalinga, akiwa ametolewa kitandani na kushikwa mabega na binti yake, alitupa udongo wa kwanza. Uliposikika ukianguka juu ya shuka, Lusia alipiga yowe ambalo hakujua kama alikuwa nalo.

Jirani yao Yotamu alitoka shambani mbio, jembe mkononi.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Kaka yangu Kalinga."

Yotamu alimtazama mama, akatazama kaburi lile dogo. Alikuwa mtu mzima, habari ya mto aliijua. Akauliza polepole, "Lini?"

"Leo," Lusia alisema.