Kibamba cha Okumu

Okumu alikuwa amekifunga kibamba cha chuma kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga, akangoja sifa zake. Nthoki, mwanafizikia aliyekiagiza, alikifungua, akapitisha kidole ukingoni, kikateleza tu.

"Baba Winny, makali yako wapi?"

"Nimeyapiga msasa. Yangekukata." Okumu akatabasamu. "Hiyo nyongeza, sikulipishi."

Pale Kariobangi, Nairobi, fundi akitoa karai lenye ukingo wa kukata, hutukanwa na kina mama mwaka mzima. Kwa miaka thelathini Okumu alikuwa amelainisha kila chuma kilichopita mikononi mwake. Nthoki alimpa mchoro, akampa vipimo, akasahau kumwambia asimwonee huruma.

Ilikuwa saa tatu na robo, Jumamosi. Ofisi ya vifurushi ingefunga saa tano. Kibamba kisipoondoka leo, Nthoki angekosa siku zake nne kwenye leza ya maabara moja huko Ulaya, na zamu nyingine ni baada ya miaka miwili.

"Nieleze polepole," Okumu akasema. Tabasamu lilikuwa limeshatoweka.

"Mashine za kuzipa chembe mbio huwa ndefu, hata kilomita. Yangu itakaa mezani. Leza inapiga gesi, gesi inageuka plazma, elektroni zinaachana na atomi zake, na nyuma ya mwanga kunafuata wimbi. Elektroni zikilidandia, zinachomoka. Lakini zinadandia pale gesi inapopungua ghafla, na kinachoikata ni huo ukingo. Ukiwa butu, gesi inapungua taratibu, hakuna anayepanda."

"Kumbe nimebomoa steji ya matatu."

"Umebomoa, mzee wangu. Una chuma kingine kama hiki?"

"Kilikuwa hicho tu. Nikikinoa upya, kitapungua nusu milimita."

"Basi hakitaifikia gesi. Matundu ya skrubu ndiyo yanakishikilia mahali pake."

Okumu akakigeuzageuza kibamba. "Matundu tutayarefusha kwa tupa, kisogee mbele. Nyinyi wasomi mnapenda duara sana. Skrubu haina digrii."

Akaanza kunoa. Chuma kikipata moto kikageuka buluu, kimekufa, hakishiki makali tena, kwa hivyo kila baada ya pumzi tatu alikichovya majini. Saa tatu na dakika arobaini. Saa nne. Kwenye kibanda cha jirani mtu aligonga bati, na kila pigo Nthoki alishtuka, akaigonga meza kwa goti.

"Daktari, kapumulie nje. Unanitikisia meza."

Hakwenda.

Saa nne na robo, matundu yakiwa yamesharefushwa, Nthoki alikiweka chini ya hadubini yake ndogo. Makali yalikuwa yamenyooka vizuri, isipokuwa upande wa kushoto, palipokuwa na pengo jembamba kama unywele.

"Nirudie?" Okumu aliuliza. Jasho lilikuwa limemjaa shingoni.

"Kitapungua tena, na matundu hayana tena pa kurefuka."

"Huo mwanga wako unapita wapi?"

"Katikati. Pengo liko milimita moja pembeni, lakini litavuruga gesi hadi hapo." Nthoki akafumba macho, akapiga hesabu. Wimbi lenyewe lilikuwa jembamba kuliko hilo pengo. "Maabara wakiusogeza mwanga kulia kidogo, hautalikuta. Nikikosea upande, nimekwisha."

Okumu akampa kalamu ya wino mzito. "Chora mshale wa kuelekeza mwanga, hata Mzungu mwenye usingizi huko maabara auone."

Nthoki akachora. Akafuta. Akakitazama kibamba tena kwenye hadubini, akakumbuka kuwa hadubini hiyo hugeuza kushoto kuwa kulia, akahesabu upya kuanzia mwanzo, akachora mshale wa pili ukielekea upande wa pili.

Saa nne na nusu alikifunga kibamba kwenye kisanduku, akamwita mtu wa bodaboda akipeleke ofisi ya vifurushi.