Spès Hakusema Kitu

Wakaguzi wa kodi waliingia asubuhi katika duka la vifaa vya ujenzi mtaani Muhima, wakamkuta Spès akimfungia mteja makatoni ya vigae. Mteja alikuwa ameshalipa, lakini risiti hakupewa.

"Nani alikuambia uuze bila risiti?" mkaguzi mmoja aliuliza.

Spès alimtazama Gahongayire, mama mwenye duka. Ni yeye aliyemfundisha: mteja asipodai risiti, usitoe. Hivyo kodi iliyokuwa ndani ya bei, ambayo mteja aliilipa akidhani inakwenda serikalini, ilibaki dukani. Kwa fedha hizo Gahongayire alikuwa amejenga ghala na kununua gari.

"Mimi sijui chochote," Gahongayire alisema. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Huyu binti ananiibia."

Spès alivua aproni. Akaiweka juu ya kaunta, akatoka. Wakaguzi walitoza faini kwa kosa hilo moja tu, wakamshauri mwenye duka achague vizuri watu wake.

Jioni hiyo, Gahongayire akiwa mezani nyumbani, redio ilizungumzia deni la taifa. Mtaalamu alieleza kwamba nchi inapokusanya kodi isiyotosha, hukopa tena ili kulipa mikopo ya zamani, na hospitali na barabara ndizo zinazosubiri.

"Wakwepa kodi hao!" alisema mumewe, Frederick. "Wajukuu wetu ndio watakaolipa. Afadhali sisi tunakula chetu."

Gahongayire alisukuma sahani.

"Mbona huli?"

"Kichwa kinaniuma."

Alijiambia kwamba vigae vyake haviwezi kuiangusha nchi. Kisha akawakumbuka wenzake wa Muhima, wote aliowasikia wakicheka na kujiambia hayohayo.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda nyumbani kwa kina Spès, mtaa wa Nyamirambo. Spès alikuwa uani, akifua.

"Nimekuja kuomba msamaha," Gahongayire alisema. "Rudi kazini. Nitakuongezea mshahara."

"Mabuja," Spès alijibu, akimwita bosi wake kama zamani, "watu wanasema mimi ni mwizi. Nimeomba kazi dukani kwa Mugenzi, ng'ambo ya barabara, amenifukuza. Mshahara utaliondoa hilo?"

"Nifanye nini sasa?"

"Ukweli uwaambie wao. Mimi naujua, nilikuwepo pale."

Gahongayire alianza na mumewe. Frederick hakugomba. Alisimama tu, akatoka nje, na hilo lilimchoma Gahongayire kuliko matusi. Kesho yake alikwenda ofisi ya kodi, akaeleza yote, hata ya miaka ambayo hakuna aliyemuuliza. Gari liliuzwa, na ghala pia, ili kulipa kodi hiyo. Hatimaye akavuka barabara hadi kwa Mugenzi, akasema mbele ya wateja:

"Spès hakuiba. Mimi ndiye niliyeiba, kisha nikamsingizia."

Mugenzi alimwajiri Spès. Siku hizi wakikutana barabarani, binti humwamkia mabuja wake wa zamani kwa heshima, lakini hasimami. Gahongayire humtazama akipita, na bado hajapata neno la kumsimamisha.